Saa ya kompyuta yangu ya Z80: nimeiacha DS1307, nimebaki na DS3231

Nimeunda kompyuta ndogo ya Z80, prosesa ya zamani, nyumbani kwetu Jang'ombe, na kwa kuwa umeme wa Unguja una mambo yake, nilitaka saa isiyosahau taa zinapozimika. Nilianza na DS1307, chipu ya kuhesabu saa na tarehe. Ndiyo niliyoikuta Mlandege, na bei yake rahisi.

Siku ya kwanza haikutembea kabisa. Sekunde zimeganda kwenye sufuri. Nikalaumu nyaya, nikalehemu upya, wapi! Kumbe chipu hiyo ikipata umeme mara ya kwanza imelala: biti ya juu kabisa ya rejista ya sekunde (kisanduku cha chipu kinachotunza sekunde) huwa 1, na haiamki mpaka uiandikie 0. Jumapili nzima ikaishia hapo.

Ilipoamka, ikawa inachelewa. Mama ndiye aliyeona mwanzo. "Mwanangu, mbona muadhini anaitangulia mashine yako?" Mwezi ulipokwisha ilikuwa nyuma dakika mbili na ushei. DS1307 hutegemea kristali ya nje inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kristali za namna hiyo huenda sawa kwenye nyuzi 25 hivi. Joto likizidi zinachelewa, na baridi ikizidi zinachelewa vilevile. Chumba changu kiko chini ya bati. Mwezi wa Februari nyuzi 25 humo hazionekani hata alfajiri. Lakini joto peke yake halifikishi dakika mbili; kristali yenyewe nayo ilikuwa ya ovyo.

Nikaagiza bodi ya DS3231, chipu nyingine ya saa. Hii kristali imo ndani ya chipu, na kipimajoto kimo humo humo kinausahihisha mwendo. Anwani ambayo kompyuta huiitia chipu ni ileile 0x68, na rejista za saa zimepangwa vilevile, basi programu yangu ya asembli sikuibadilisha ila kuondoa ile amri ya kuamsha. Miezi minne sasa, imekosea sekunde tisa. Lakini soma maandishi ya juu ya chipu kabla hujalipa: yenye SN hukosea si zaidi ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, yenye M ni 5. Wauzaji wengi wanaziita DS3231 tu.

La kuogopa ni betri inayoishika saa umeme ukikatika. Bodi nyingi za bei chee zina njia ya kuichaji, dayodi na rizista yenye alama 201, nazo zinauzwa na CR2032, betri isiyochajiwa. Ukiiacha kwenye volti 5 inaweza kuvimba. Mimi niliing'oa ile rizista kwa ncha ya chuma cha kulehemu, dakika moja, na saa inaendelea.

Kilichobaki ni saa yetu. Chipu ikihesabu saa 1 hadi 12, kutoa sita ni kazi ndogo, ikishuka chini ya moja unaongeza kumi na mbili. Tarehe ya Kiislamu ndiyo inayonitoa jasho: chipu inageuza siku usiku wa manane, mama anaitaka igeuke magharibi.