Fundi aliyeiponya programu yetu ya barua pepe kwa kuifunga kwenye kiini kimoja cha prosesa

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, hapa Dar es Salaam, na kazi ya forodha ni barua. Hati ya shehena ikichelewa kufika, kontena linakaa bandarini likihesabiwa siku, na mteja anayelipia siku hizo atakuja kutudai sisi. Kwa wiki saba programu yetu ya barua pepe ilikuwa ikijifunga yenyewe katikati ya kazi. Tulilipia matengenezo mara mbili bila nafuu yoyote, na aliyetuponya ni fundi mmoja anayefanya kazi peke yake katika chumba cha ghorofani, mitaa miwili kutoka soko la Kariakoo. Hana bango mlangoni, naye ameniomba nisimtaje jina kwa sababu wateja alio nao wanamtosha. Nitaeleza basi namna alivyofanya kazi, ili mwenye tatizo kama letu ajue la kumuuliza fundi wake.

Programu yenyewe ni ya zamani, ya enzi za Windows XP, na ndani yake mmehifadhiwa mawasiliano ya miaka 16 na wateja, meli na maghala. Ilikaa kwenye kompyuta ya kiini kimoja (kiini ni sehemu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, inayotekeleza kazi) ambayo haikuwahi kutusumbua hadi siku umeme uliporudi kwa nguvu na kuiunguza. Tukanunua mashine ya mtumba iliyo nzuri kuliko ile kwa kila hali: Windows 10, kumbukumbu (RAM) ya kutosha, na prosesa yenye viini vinne. Siku ya pili tu matatizo yakaanza. Karani akibonyeza kitufe cha kupokea barua, dirisha linaganda, linageuka jeupe, kisha linatoweka. Kuna asubuhi lilifanya hivyo mara tatu kabla ya saa nne, na kuna siku nzima lilitulia kabisa hata tukadhani ugonjwa umejiondokea.

Duka la kwanza tulilokwenda, ambalo ni kubwa na lina viyoyozi, lilituambia kumbukumbu ya mashine haitoshi, likatuuzia nyingine. Programu ikaendelea kujifunga. Tuliporudi wakasema Windows imeharibika, wakaifomati bila kutuuliza barua zetu zinakaa wapi. Zilikuwa zinakaa humo humo kwenye diski waliyoifuta, na tulizirudisha kwa sababu moja tu, kwamba karani wetu ana tabia ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje kila Ijumaa. Barua za siku nne zilipotea. Baada ya kufomatiwa, programu ilijifunga siku ile ile tulipoirudisha mashine ofisini.

Fundi wa Kariakoo alinipokea kwa shikamoo, akanipa kiti, na swali lake la kwanza halikuhusu bei. “Mama, ilianza lini, na siku hiyo mlibadilisha nini?” Nikamwambia tulibadilisha kompyuta. Akauliza kama programu hujifunga tunapoandika barua au tunapopokea. Nikajibu ni tunapopokea. Akauliza tena tuna akaunti ngapi, na zinapokelewa moja baada ya nyingine au zote kwa pamoja. Tunazo tano, na zote huchukuliwa kwa pamoja. Aliyaandika majibu hayo kwenye karatasi, na kabla ya kugusa chochote akanakili folda nzima ya barua kwenye diski yake, kisha akafungua barua mbili tatu katika nakala hiyo kuhakikisha zinasomeka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kufungua daftari la matukio la Windows, ambalo lina rekodi ya kila programu iliyoanguka. Alinionyesha mistari ya kuanguka kwa programu yetu: yote ilikuwa na namba moja ya kosa, 0xc0000005, ambayo maana yake ni kwamba programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Lakini mahali ilipoangukia ndani ya programu palikuwa panabadilika mara kwa mara. Alisema kosa la kawaida huangukia pale pale kila siku, kama gari linalokwama kwenye shimo moja, na kwamba kosa linalohamahama humfanya atazame mambo mawili: kumbukumbu iliyoharibika, au kazi mbili zinazokanyagana. Akaiacha mashine usiku kucha ikijipima kumbukumbu kwa kipimo kinachokuja na Windows yenyewe. Asubuhi haikukutwa hitilafu hata moja. Kwa hiyo kumbukumbu tuliyouziwa haikuwa na kazi ya kutibu chochote, nami nilikaa kimya kidogo niliposikia hivyo.

Aliendelea na vipimo vyake kwa mpangilio, akibadilisha kitu kimoja kila mara na kurudisha kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine. Alizima ukaguzi wa barua wa programu ya kuzuia virusi: bado ikaanguka. Akarudisha ukaguzi, akafuta faili la faharasa, yaani orodha ya barua zote, ili programu ijitengenezee jipya: ikaanguka. Akabakiza akaunti moja tu kati ya tano: mara 60 alizobonyeza kitufe cha kupokea, haikuanguka hata mara moja. Akazirudisha zote tano, ikaanguka mara ya nane.

Hapo ndipo alipofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, akaingia ukurasa wa Details, akabonyeza jina la programu yetu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kuchagua Set affinity, yaani kupanga viini ambavyo programu inaruhusiwa kuvitumia. Likatokea dirisha dogo lenye visanduku vinne, kuanzia CPU 0 hadi CPU 3, vyote vikiwa na alama ya vema. Akaondoa alama kwenye vitatu, akabakiza kimoja. Akaunti zote tano zikiwa kazini, akabonyeza mara 60. Programu haikuanguka. Mimi nilikuwa tayari kufungua mkoba nilipe niondoke, lakini yeye akarudisha alama zote nne na kuanza upya, ili aone kama ugonjwa utarudi. Ulirudi mara ya tano. Akafunga viini vitatu tena, ukaondoka. Katika miaka yote niliyopeleka mashine kwa mafundi, sikuwahi kumwona anayeondoa dawa yake kwa makusudi ili ajiridhishe kwamba kweli ndiyo iliyoponya.

Maelezo aliyonipa niliyaelewa kwa sababu alichukua mfano kutoka ofisini kwangu. Programu inapochukua barua za akaunti tano kwa pamoja, huigawa kazi kwa nyuzi tano, na kila uzi ni kama karani. Makarani hao wote wanaandika kwenye daftari moja, ambalo ndilo faharasa ya barua. Kwenye kompyuta ya kiini kimoja kuna kalamu moja tu: karani mmoja anaandika, anaiweka, mwenzake anaichukua. Zinapokuwa kalamu nne, makarani wanne wanainamia ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na wawili wakiandika mstari ule ule, mstari unaharibika. Mwandishi wa programu alipaswa kuweka sheria kwamba anayeandika alifunge daftari kwanza mpaka amalize. Hakuiweka, au aliiweka mahali pengine akasahau hapo, na kosa halikuonekana kwa sababu mashine za wakati wake hazikulipa nafasi ya kutosha. Prosesa zenye viini viwili kwa kompyuta za kawaida za mezani ziliingia sokoni mwaka 2005, Pentium D ya Intel na Athlon 64 X2 ya AMD. Programu nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo zilijaribiwa kwenye mashine zenye kalamu moja.

Makosa ya jinsi hii, ya kugombania zamu, si ya programu ndogo peke yake. Agosti 2003 umeme ulipokatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada na kuwaacha watu wapatao milioni 50 gizani, uchunguzi ulikuta kwamba kosa la aina hiyo lilikuwa limenyamazisha ving'ora katika chumba cha waongozaji wa kampuni moja ya umeme, hivyo hawakujua mapema kinachoendelea. Wahandisi walihangaika wiki kadhaa kulipata. Nikilinganisha na hayo, siku mbili za fundi wetu si nyingi.

Kasoro ya dawa ya Task Manager ni kwamba haikumbukwi: ukifunga programu na kuifungua tena, viini vyote vinne vinarudi. Fundi alitengeneza njia ya mkato (shortcut) kwenye meza ya kompyuta (desktop) inayoanza na amri cmd /c start "" /affinity 1, ikifuatwa na mahali programu ilipo, ndani ya alama za kunukuu. Ile 1 inamaanisha kiini cha kwanza peke yake; 2 ni cha pili peke yake, na 3 ni vyote viwili vya kwanza, jambo ambalo huwachanganya wengi wanaodhani ni hesabu ya viini. Aliifuta njia ya mkato ya zamani kila ilipokuwa, kwenye meza na kwenye menyu, ili karani asiifungue programu kwa mazoea.

Kuna jambo moja hakutuambia mapema, nalo lilitusumbua wiki ya kwanza. Hati za PDF tulizozifungua moja kwa moja kutoka kwenye barua zilikuwa nzito, hasa zile za kurasa nyingi zilizopigwa picha. Nilipompigia simu alieleza palepale: programu inayozaliwa na nyingine hurithi kifungo cha mzazi wake, kwa hiyo msomaji wa PDF naye alikuwa anabanana kwenye kiini kile kile kimoja. Tangu hapo tunahifadhi kiambatisho kwenye folda kwanza, kisha tunakifungua kutoka huko, na uzito umeisha. Angetutahadharisha siku ya kwanza ingekuwa bora.

Alikuwa mkweli pia kuhusu mipaka ya kazi yake. Kosa bado limo ndani ya programu. Kiini kimoja kinapunguza sana nafasi ya makarani kugongana, hakiiondoi kabisa, kwani hata kalamu moja inaweza kunyang'anywa karani aliyefika katikati ya neno. Alitushauri tuhamie programu inayoendelea kutunzwa na waandishi wake, akapendekeza Thunderbird ya Mozilla kwa kuwa ni ya bure na barua zake hukaa katika mfumo ambao programu nyingine zinaweza kuusoma. Tumekubaliana aje mwezi ujao ahamishe barua za zamani mwaka kwa mwaka, akihesabu idadi yake kabla na baada.

Alitutoza shilingi 45,000 kwa siku mbili, chini ya nusu ya tulizotumia katika duka la kwanza. Stakabadhi yake ni ya kuandikwa kwa mkono, na mhasibu wetu aliipokea shingo upande. Anapokea mashine moja kwa wakati, kwa hiyo tulisubiri zamu siku tatu, na Ijumaa mchana hafungui. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile PDF. Leo ni siku ya 38 tangu turudi kazini, akaunti zote tano zinapokea kila baada ya dakika kumi, na programu haijajifunga hata mara moja.