SSH au Mosh kwa anayesimamia seva akiwa njiani
Ukiwa ofisini Arusha na intaneti imetulia, SSH, programu ya kuingia na kuamuru seva ya mbali kwa njia iliyofichwa, inatosha kabisa. Tatu Ylönen aliiandika Finland mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, na hadi leo kazi nyingi za seva hupitia humo: kuwasha upya huduma, kusoma logi, kuhamisha faili kwa rsync, hata kuifikia hifadhidata bila kuiweka wazi kwa umma.

Shida huanza ukipanda basi kwenda Moshi. SSH hutegemea TCP, njia ya kusafirisha data inayofungamana na anwani za pande zote mbili, kwa hiyo simu ikibadilishiwa anwani ya IP, kikao kinaganda. Uko Boma Ng'ombe, `apt upgrade` (amri ya kusasisha programu za seva) imefika katikati, skrini kimya! Mosh, programu ya kazi hiyohiyo iliyotoka 2012, hutumia UDP, njia isiyohitaji muunganisho wa kudumu. Mtandao ukirudi, hata kwa anwani mpya, unaendelea pale pale.

Lakini Mosh haihamishi faili, hairuhusu kurudi juu kusoma matokeo yaliyopita, na inahitaji poti (milango ya mtandao) za UDP kati ya 60000 na 61000 ziwe wazi kwenye seva. Tena kuingia kwenyewe bado ni kwa SSH.

Kwa wengi ningependekeza SSH na tmux, programu inayotunza kikao kwenye seva yenyewe: muunganisho ukikatika, kazi inaendelea kwenye seva, nawe ukirudi unaandika `tmux attach`. Mosh imfae anayeshinda barabarani. Kwa vyovyote, tumia ufunguo wa SSH (faili la siri badala ya nywila) na uzime kuingia kwa nywila, ila jaribu kwanza kuingia kwenye dirisha la pili kabla hujafunga la kwanza.