Kasha la CD tatu za vibao vya Kijapani vya miaka ya 1980: nyota nne

Nimekaa na kasha hili vya kutosha kulisemea. Ni CD tatu za vibao vilivyotamba Japani miaka ya 1980, toleo la zamani lililokuwa likiuzwa kwa posta. Nililipata la mtumba huku Chiba, Japani, ninakoishi, kwa yeni 1,800. Lebo siitaji, maana makasha ya aina hii yapo mengi na kasoro zake zinafanana.

Kwanza wale mlioujua muziki huu kupitia YouTube: Plastic Love ya Mariya Takeuchi haimo, na haikustahili kuwemo. Wimbo huo ulikuwa kwenye albamu yake Variety ya 1984, ukatolewa singo mwaka 1985 na kuishia nafasi ya 86 kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Umaarufu wake ni kazi ya intaneti, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Kasha hili halijali walimwengu walikuja kupenda nini. Limekusanya nyimbo ambazo Wajapani wenyewe walizikalia kitako Alhamisi usiku, mbele ya kipindi cha The Best Ten cha runinga ya TBS. Mtangazaji wake mmoja alikuwa Tetsuko Kuroyanagi, mama yule yule aliyekuja Tanzania mwaka 1984 akiwa balozi wa hisani wa UNICEF.

CD ya kwanza ni ya mabinti. Akai Sweet Pea ya Seiko Matsuda (1982) imetungiwa muziki na Yumi Matsutoya kwa jina la bandia, na ufundi wake unasikika, ila nyimbo nyingine za upande huo ni tamu hadi zinakinaisha. Akina Nakamori ndiye anayeniondolea usingizi. Alitwaa Tuzo ya Rekodi ya Japani mara mbili mfululizo, 1985 na 1986, na ukiusikiliza wimbo wake Desire kwa spika nzuri huhitaji kuuliza kwa nini.

Pesa yangu, hata hivyo, imerudi kwenye CD ya pili. Ruby no Yubiwa ya Akira Terao ilichukua tuzo hiyo hiyo mwaka 1981. Terao ni mwigizaji, muziki ameutunga mwenyewe, maneno ni ya Takashi Matsumoto. Mwanamume yupo mgahawani, kioo kimeingia ukungu, nje upepo, mwanamke anaondoka na pete inabaki kuwa mjadala. Miaka miwili inapita, na bado akiona koti la rangi ile ile mtaani macho yake yanakimbilia vidoleni mwa aliyelivaa. Na haya yote anayaimba kwa sauti ya chini, bila kulia wala kubembeleza, huku gitaa la besi likitembea taratibu chini yake. Waimbaji wetu wengi wangekuwa wameshapiga magoti kufikia beti ya pili. Kazini kwangu wazee wa Kijapani wakienda karaoke hapakosi mmoja wa kuuimba, na karibu wote wanakosea pale pale: wanatia nguvu.

CD ya tatu ina enka, zile nyimbo za Kijapani za huzuni na mapenzi zenye ladha ya kale, na hapa ndipo msikilizaji wa taarabu atakapojisikia nyumbani. Sayuri Ishikawa, Amagi-goe, 1986. Mlima Amagi uko rasi ya Izu. Mwanamke anampenda mtu kiasi cha kumuuliza kama anaruhusiwa kumuua kuliko kumwona akienda kwa mwingine. Anaanza karibu na kunong'ona, kila mstari anapanda ngazi moja, na akifika kiitikio sauti inaviringika kooni mpaka unaogopa itakatika. Haikatiki. Wivu ulioiva namna hii tulidhani ni mali ya pwani yetu. Na kama kuna anayeona nalazimisha undugu, aende akasikilize taarabu ya Mombasa ya Zuhura Swaleh: kile kinanda chenye nyuzi na vitufe ni taishokoto, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912.

Sasa nyota iliyokatwa. Nyimbo kadhaa si rekodi za asili. Mwimbaji ni yule yule lakini amerudia studio akiwa na umri mkubwa, sauti imezama na vinanda ni vya kisasa. Ukiujua wimbo wa awali utagutuka ndani ya sekunde kumi. Kijitabu kina maneno yote ya nyimbo, jambo zuri, ila herufi ni ndogo kama chawa na kanji, zile herufi za asili ya Kichina, hazina furigana, yaani vijiherufi vya kuonyesha matamshi, kwa hiyo anayejifunza lugha atakesha na kamusi. Mwimbaji Tatsuro Yamashita hayumo kabisa. Huyo hata kwenye huduma za kutiririsha amegoma kuweka kazi zake, ukimtaka kanunue CD zake mwenyewe.

Ukikutana na kasha la namna hii, usilipie kabla ya kugeuza nyuma. Tafuta maandishi 再録音 (imerekodiwa tena) au 新録音 (rekodi mpya) pembeni mwa majina ya nyimbo. Yakiwa kwenye wimbo mmoja au miwili, chukua. Yakizidi hapo, au muuzaji akitaka zaidi ya yeni 2,500, liache rafuni, maana Ruby no Yubiwa ya asili inauzwa peke yake kwa santuri ya mtumba kwa bei ya soda.