The Death of Stalin (2017): imekosea tarehe, imepatia kikao

Anayetaka kuona wanamapinduzi wakigawana madaraka huku mkuu wao angali anapumua, hii ndiyo filamu yake. Ni ya dakika 107, imeongozwa na Armando Iannucci na kutoholewa kutoka kitabu cha katuni cha Kifaransa cha Fabien Nury na Thierry Robin. Kisa ni cha Machi 1953, Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, alipopigwa na kiharusi katika nyumba yake ya Kuntsevo, kando ya Moscow. Inachekesha kweli, ingawa watu wanachukuliwa usiku na kupigwa risasi tangu dakika za mwanzo, na waigizaji hawalegezi kicheko wala hofu ili kimoja kikipishe kingine.

Nguvu yake yote imo katika vikao. Stalin amelala sakafuni, nguo zimelowa mkojo, na wakubwa wa chama wamemzunguka. Hakuna anayethubutu kuita daktari kwa kauli yake mwenyewe, maana akipona atauliza nani aliamua. Kwa hiyo wanasubiri akidi itimie, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kupitisha uamuzi. Ikitimia, tatizo la pili linajitokeza: madaktari bingwa wako gerezani. Hilo halikubuniwa. Tarehe 13 Januari 1953 magazeti ya Soviet yalitangaza kukamatwa kwa madaktari wa Kremlin, wengi wao Wayahudi, kwa madai ya kupanga kuwaua viongozi. Miezi miwili haijaisha, Stalin aliyeianzisha kampeni hiyo anahitaji tabibu na hapatikani.

Tazama pia mikono. Baada ya msiba kamati inapiga kura kwa kunyoosha mkono, na Molotov, mmoja wa wakubwa hao wa chama, anatoa hotuba ndefu inayogeuka kila sentensi: sasa anaunga mkono, sasa anapinga, sasa anaunga tena. Mikono ya wenzake inapanda na kushuka ikimfuata. Michael Palin anaicheza kwa uso mkavu kabisa, naye anastahili sifa, kwa sababu Molotov huyo haigizi utiifu. Anauamini. Mkewe, Polina, alikamatwa kipindi cha Stalin, na bado mume anamwita msaliti hadi Beria, ambaye katika filamu ndiye mkuu wa usalama, anapomfikisha mlangoni. Polina wa kweli alikamatwa mapema 1949, na ni kweli aliachiwa mara tu baada ya kifo cha Stalin.

Kabla ya kuanza, shika watu wanne na kile ambacho kila mmoja anakishikilia, kwa sababu filamu haikusubiri. Beria (Simon Russell Beale) ana askari wa usalama na mafaili ya siri za wenzake. Ndiyo maana anapofika Kuntsevo anakimbilia karatasi kabla ya mgonjwa. Malenkov (Jeffrey Tambor) ana cheo cha mrithi lakini hana watu. Krushchov (Steve Buscemi) ana chama, na kwa macho ya wenzake amepewa kazi isiyo na maana: kusimamia mazishi. Zhukov (Jason Isaacs) ana jeshi. Beria analiondoa jeshi Moscow na kuweka askari wake, na hapo ndipo hesabu inampinduka, kwa kuwa amemchokoza mtu pekee mwenye bunduki nyingi kuliko zake. Ukiifuata filamu kwa swali la nani sasa analinda mlango, hutapotea hata majina yakikuchanganya.

Jambo ambalo kejeli nyingi za kisiasa hulikosa, na hii imelikamata, ni mbio za kuonekana mpole. Watu waliotia saini orodha za vifo wanashindana nani awe wa kwanza kufungua magereza. Historia iko upande wa filamu hapa. Msamaha wa tarehe 27 Machi 1953 ulitokana na pendekezo la Beria, na uliwaachia wafungwa zaidi ya milioni moja. Si kwamba moyo ulimlainika. Alijua fika ni nini kinachochukiwa, maana alikijenga yeye, na alitaka sifa ya kukibomoa isiende kwa mwingine. Beale anaionyesha hesabu hiyo bila kumfanya Beria apendeke, na ukatili wake kwa wanawake hausahauliwi.

Sasa makosa, nayo ni mengi. Filamu inabana miezi mingi ndani ya siku chache. Beria hakuuawa siku za mazishi: alikamatwa tarehe 26 Juni 1953 kikaoni Kremlin, akahukumiwa na mahakama maalumu chini ya Marshali Konev, akapigwa risasi tarehe 23 Desemba. Wakati Stalin anaanguka, Beria hakuwa hata mkuu wa usalama; cheo hicho alikirudia baada ya msiba, na katika miaka ya kati alikuwa amesimamia mradi wa bomu la atomiki. Jina la polisi wa siri, NKVD, linalotajwa kila mara lilikuwa limeshabadilishwa. Molotov naye aliondolewa uwaziri wa mambo ya nje 1949, akarudishwa baada ya kifo. Na waombolezaji hawakumiminiwa risasi kama tunavyoonyeshwa: walikufa kwa kukanyagana katika umati uliokwenda kuuaga mwili.

Mabadiliko ya tarehe nayasamehe, kwa sababu mpangilio wa hila umebaki sahihi. Nisichokisamehe ni Malenkov. Tambor anamfanya bwege anayehangaikia nywele na kupiga picha pamoja na mtoto. Malenkov wa kweli alikuwa mtendaji hodari wa chama, na akiwa waziri mkuu hadi Februari 1955 alipunguza kodi za wakulima na kusukuma viwanda vitengeneze bidhaa za matumizi ya watu. Kumpoteza huyo kunarahisisha ushindi wa Krushchov kupita kiasi. Voroshilov, mkubwa mwingine wa chama, hayumo kabisa, na yeye ndiye aliyepewa kiti cha mkuu wa dola.

Kuna pia tukio moja la kweli ambalo naona liliachwa bure. Jioni ya tarehe 5 Machi viongozi walikutana saa 2 usiku, wakagawana vyeo vyote kwa dakika 40, wakafunga kikao. Stalin alikata roho saa 3 na dakika 50. Yaani serikali mpya ilipitishwa yeye akiwa hai. Mwandishi wa kejeli hana la kuongeza hapo.

Waigizaji hawalazimishi lafudhi ya Kirusi. Stalin anaongea kama mtu wa mitaa ya London, Zhukov kama mtu wa Yorkshire. Uamuzi mzuri: viongozi wale walitoka pembe tofauti za dola, na Stalin mwenyewe alizungumza Kirusi chenye lafudhi ya Kijojia. Ubaya wake ni kwamba Kiingereza kinakwenda mbio na watu wanakatizana, hivyo washa maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Utani mwingi umo katika maneno yanayosemwa kwa kunong'ona nyuma ya anayehutubia.

Urusi iliifutia kibali Januari 2018, siku mbili kabla ya kuingia kumbi za sinema. Uingereza iliiwekea umri wa miaka 15, na sababu zipo: matusi ni ya mfululizo, kuna mateso, na uhalifu wa Beria dhidi ya wasichana umeelezwa waziwazi. Kwa darasa la historia la sekondari ningechukua vipande viwili tu, kile cha kusubiri akidi na kile cha kura ya Molotov, na kuweka pembeni yake tarehe za kweli za Machi hadi Desemba 1953.