Kruzi na mtoto wa mwaka na miezi 8, uzoefu wangu

Tumerudi juzi juzi tu, siku 7 kwenye meli ya kitalii, mimi na mume wangu na binti yetu, na naandika maana kabla sijalipia nilitafuta sana mzazi wa kuniambia ukweli nikakosa.

Kilichoniuma zaidi ni bwawa. Picha zote za matangazo watoto wako majini, na mimi nikabeba pampasi za kuogelea za kutosha wiki nzima, siku ya kwanza tumeshamvalisha tumefika pale mhudumu anatuambia kwa upole kwamba mtoto wa pampasi haingii, hata kama ni ya kuogelea. Kumbe meli zinazoingia bandari za Marekani zinafuata masharti ya usafi ya CDC, shirika la afya la serikali yao, na hapo hamna mjadala, mtoto ambaye hajaanza kwenda choo mwenyewe haingii bwawa la wote. Zipo meli zina kieneo cha maji cha wenye pampasi tu, yetu haikuwa nacho. Yaani mtoto anaona wenzake wanaruka majini analia, ukirudi kabini hamna hata beseni la kuogea, ni shawa tupu na yeye shawa anaiogopa, nilijisikia vibaya jamani.

Halafu klabu ya watoto, ile ambayo watu wanakwambia utapumzika, kwa kawaida inaanza miaka 3 na awe ameacha pampasi. Chini ya hapo sisi tulipewa chumba cha michezo lakini mzazi lazima ukae humo humo. Nasari ya wadogo kabisa zipo baadhi ya meli, kampuni ya Disney wanayo kuanzia miezi 6 na kampuni ya Royal Caribbean kwenye meli zao nyingi pia, unalipia kwa saa, ila wahi kuweka nafasi.

Usingizi nao. Kabini ni chumba kimoja, kitanda chake wametuletea bure sawa, ila akilala saa moja na nusu usiku na nyie ndo mmelala, taa mmezima mnanong'onezana. Kama mfuko unaruhusu chukua yenye balkoni, mngekaa nje huko mkaongea.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Kichefuchefu nilichokiogopa yeye hakupata kabisa, wa chini ya miaka 2 huwa hakiwasumbui sana, mimi ndo nilitapika usiku mmoja pamoja na kwamba tulichagua kabini ya chini katikati ya meli ambako hakuyumbi sana. Chakula kipo muda wote, wahudumu walikuwa wanamkatia matunda bila kuombwa, na begi unafungua mara moja tu mpaka mnarudi. Mikono tulimnawisha kwa sabuni kila saa maana norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha, ikiingia melini inasambaa haraka na sanitaiza haiiwezi vizuri.

Kwa hiyo mtoto anayetembea na bado ana pampasi, kwa meli kama ile yetu, mimi nasema subiri. Kichanga ambaye bado unambeba naona ni rahisi zaidi, ila kampuni nyingi za meli zinataka awe na miezi 6, na safari za kuvuka bahari kubwa miezi 12. Kabla hujalipa uliza hivi, wa pampasi anachezea maji wapi, na nasari ipo? Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka usitoe hela. Sisi tumeshakubaliana tutarudi akifika miaka 3.