VPN, proksi au apu ya bure? Kipi ununue kuficha IP yako, nimepanga kuanzia bora

Kabla hujatoa hela elewa unanunua nini. IP ni namba ambayo kila saiti unayofungua inaiona, inajua uko nchi gani na unatumia mtandao gani, ila jina lako haipati hapo, jina analo mtu wa kampuni ya simu maana laini umesajili kwa alama za vidole. VPN ni apu inayofunga data yako isisomeke na kuipitisha kwenye seva ya muuzaji kabla haijafika kwenye saiti, kwaiyo ukiiwasha kampuni ya simu haioni tena unatembelea saiti gani, anayeona sasa ni muuza VPN. Kwaiyo swali la kwanza ni huyo muuzaji unamwamini kiasi gani, bei baadae.

1. Mullvad ya Sweden. Euro 5 kwa mwezi, bei ileile tangu 2009, hawaulizi hata imeili, unapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 16 basi. Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi wakitaka taarifa za wateja, wakatoka mikono mitupu kwa sababu hazikuwepo. Kero ni malipo, bila kadi inayolipa nje ya nchi utasumbuka. Wanapokea hata noti kwenye bahasha, ila we jaribu kutuma bahasha toka Dar uone.

2. Proton VPN ya bure. Ya Uswisi, haina kikomo cha data, kifaa kimoja tu na nchi huchagui. Kama mfukoni hakuna kitu chukua hii, full stop.

3. Tor. Brauza ya bure, inapitisha mambo yako kwenye seva tatu, iko slow na video sahau.

4. Proksi ya kununua, yaani seva ya kati inayokufungulia saiti kwa IP yake. Nyingi zinabadilisha IP tu bila kufunga data isisomeke, tena kwenye brauza peke yake, apu zingine zote zinapita njia ya kawaida na IP yako halisi. Na zile zinazouzwa kama "IP za majumbani" muulize muuzaji hizo nyumba ni za nani, maana Mei 2024 Marekani walifunga 911 S5, huduma iliyouza proksi za namna hiyo, iliyokuwa na IP zaidi ya milioni 19, wenye kompyuta walikuwa wamepakua VPN za bure kama MaskVPN na hawakujua kitu, jizi linaiba mtandaoni huko na IP inayoonekana ni ya mama wa watu.

5. Apu za VPN za bure usizojua mwenyewe nani. Hapana. Hata Onavo ya Facebook ilikuwa VPN ya bure, kumbe inawapelekea taarifa za apu unazotumia, 2018 Facebook wakaitoa App Store baada ya Apple kusema inavunja kanuni zao.

Ukishalipa washa ile swichi inayokata intaneti VPN ikianguka, alafu toka kwenye akaunti ya Google, la sivyo IP itabadilika na bado wanakujua. Walioko Tanzania kumbukeni Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka wanaotumia VPN wajisajili na kutaja IP zao, soma kanuni kabla hujalipia.