Uzoefu wangu na Penpot: dizaina na msanidi kwenye faili moja

Kazi yangu ni kuchukua skrini alizochora dizaina na kuzigeuza kurasa za wavuti zinazofanya kazi. Katika programu zote za kuunganisha pande hizi mbili nilizopitia, Penpot, programu ya kuchorea skrini, ndiyo iliyotupunguzia mabishano kwa kiasi kikubwa, na naipendekeza kwa moyo wote.

Zamani tulikuwa tunatumiana PDF na picha za skrini kwenye kundi la WhatsApp. Rangi unaiona, namba yake huijui. Nafasi kati ya kadi na kadi ni pikseli 16 au 20? Unakisia. Ukurasa ukikamilika dizaina anasema, "Kaka, hiki sicho nilichochora," na kweli sicho.

Penpot inatengenezwa na Kaleidos, kampuni ya Madrid, Hispania. Ni programu huria na inafunguka ndani ya kivinjari. Kilichoniteka ni kwamba mpangilio wa vitu ndani yake unafuata kanuni zilezile za CSS, yaani lugha inayopanga mwonekano wa kurasa za wavuti. Dizaina akipanga kadi anatumia flex (njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye mstari) ileile ninayoitumia mimi, na toleo la 2.0 la Aprili 2024 likaleta na gridi ya CSS, inayopanga vitu kwa safu na nguzo. Kwa hiyo anapochora, tayari anaamua kitu kitatanuka vipi na kitahamia wapi nafasi ikibana.

Chukua kadi ya salio kwenye mfumo tuliotengeneza kwa ajili ya vikundi vya kuweka akiba. Kwenye mchoro iliandikwa Sh 50,000, na kitufe cha "Weka pesa" kikakaa vizuri pembeni yake. Lakini kuna vikundi vyenye mamilioni. Dizaina akaandika Sh 12,750,000 palepale kwenye mchoro, akaona namba inakisukuma kitufe, akaruhusu kitufe kishuke mstari wa chini. Nilipofungua sehemu ya Inspect, inayoonyesha msimbo wa kilichochorwa, nikakuta flex-wrap: wrap (kitu kishuke mstari nafasi ikibana) na gap: 12px (nafasi ya pikseli 12 kati ya vitu). Nikaandika hivyohivyo, kadi ikatoka kama ilivyochorwa, hata kwenye simu yenye kioo kidogo.

Msimbo wa Inspect mimi nausoma kama vipimo, siunakili mzima mzima. HTML, yaani lugha ya kuundia ukurasa wenyewe, yenye mpangilio unaoeleweka, ambayo hata asiyeona ataisikiliza kwa kisoma skrini, bado ni kazi ya msanidi. Vilevile hakuna programu itakayomkumbusha dizaina kuchora skrini ya salio sifuri, au ya mtandao uliokatika katikati ya malipo. Hizo tunazidai kabla ya kupokea faili.

Mwaka 2025 zikaingia tokeni: rangi, ukubwa wa maandishi na nafasi vinapewa majina, kisha vinatolewa kama faili la JSON (data iliyoandikwa kwa maandishi yanayosomwa na programu) kwa muundo wa kundi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, linaloshughulikia jambo hilo. Mteja akibadili kijani chake, dizaina anakigusa mahali pamoja, mimi napokea faili, na vitufe vyote vinafuata. Kwangu hili lina thamani kuliko mapambo yote mengine.

Kuhusu gharama: Dev Mode ya Figma, programu nyingine ya kuchorea skrini, inayofanya kazi inayofanana na ya Inspect, imekuwa ya kulipia tangu mwanzoni mwa 2024, ilhali Inspect ya Penpot ni bure. Kwa timu ndogo inayolipwa kwa shilingi na kulipia huduma kwa dola, hilo si dogo. Pia unaweza kuisimika Penpot kwenye seva yako kwa Docker, zana ya kuendeshea programu zilizofungashwa tayari, jambo linalowafaa wateja wasiotaka michoro yao ikae kwa watu wengine. Ila uwe na mtu wa kushughulikia masasisho na nakala rudufu.

Figma bado inaongoza kwa wingi wa programu-jalizi na violezo vilivyo tayari. Dizaina anayevitegemea kila siku sitamshawishi ahame. Lakini kama kinachowachosha ni kurudiarudia ukurasa kwa sababu mchoro na kivinjari havikubaliani, fungueni Penpot na mjenge humo ukurasa mmoja wa mradi mlio nao sasa.